Kapera wa Miaka Arobaini na Mmoja

Nilianza kumshuku mume wangu kwa sababu ya magoti. Si magoti yake, hayo nayajua, moja hulia akiinuka na jingine hulia akikaa. Nasema magoti ya suruali. Mimi ni fundi cherehani, na nguo hainifichi kitu. Suruali ya dereva huisha makalioni, ya mwalimu huchafuka mfukoni kwa chaki, na ya mwanamume mwenye mambo yake huja na kifungo kilichoshonwa kwa uzi usio wa mkewe. Mume wangu ni fundi saa. Miaka yote suruali zake zimeisha mahali pamoja tu, pale panapokutana na stuli. Sasa Jumatatu moja nafua, naona suruali ya kijivu imeng'aa magotini, kulia na kushoto, sawasawa.

Nikajiuliza, mzee wa miaka sitini na tisa anampigia nani magoti? Mimi hajanipigia hata siku moja.

Sikumwuliza. Mwanamke akiuliza mapema hujibiwa uongo mbichi, na mimi napenda uive kwanza. Nikaianika suruali, magoti yakitazama njia anayopita, nikakaa kwenye cherehani yangu kibarazani nione. Akaja, akaitazama, akaenda hatua mbili, akarudi, akaigeuza. Mtu asiye na hatia hageuzi suruali kambani.

Nikuelezeni kwanza tulivyooana, la sivyo mtaniona mwehu. Mji wetu una makanisa mawili, la juu lililoko kilimani na la chini lililo karibu na soko. Mimi ni wa juu, yeye ni wa chini. Baba yangu alisema binti yake hatateremka, mama yake akasema mwanawe hatapanda. Wakakaa hivyo miezi minane, kama watu wawili waliokutana mlangoni kila mmoja kabeba godoro. Sisi tukaenda zetu ofisi ya serikali, tukasimama mbele ya bwana mmoja mwenye mafua. Tukatia sahihi, akapiga muhuri, akapiga chafya, tukawa mume na mke.

Kanisa la chini walinung'unika, kisha wakazoea. La juu hawakunung'unika. Waliniambia tu kwamba ndoa ya muhuri wao hawaioni, kwa hiyo kuingia niingie, kuimba niimbe, ila wenzangu wakienda kupokea komunyo mimi nikae kitako. Nikakaa kitako miaka mitatu. Mwisho nikaona kitako hata nyumbani kipo. Tangu siku hizo nasali nikishona, na Mungu hajawahi kulalamika kelele za cherehani. Watoto wanne, wajukuu tisa. Hayo ndiyo maisha yangu, na ndiyo niliyoona mtu anayaingizia mkasi.

Baada ya suruali nikaanza kuhesabu siku. Kila Jumatano saa nne asubuhi mume wangu alifunga kibanda chake cha saa, akasema anakwenda kwa kinyozi kucheza drafti. Saa sita anarudi, anakunywa maji mengi, hasemi nani kamshinda. Huyu bwana akishinda drafti huwa tunasimuliwa mpaka usingizi. Nikachukua mkasi wangu uliokuwa unahitaji kunolewa, nikaenda kwa kinyozi siku ya Alhamisi.

"Jana mzee wangu alikufunga ngapi?" nikamwuliza.

Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusunusu. "Jana mama? Jana mimi sikuwepo. Jumatano sifungui, nampeleka mama yangu kliniki. Ni mwezi wa tatu sasa."

"Nimesahau," nikasema. "Uzee huo."

"Mzee hajambo lakini?"

"Hajambo. Hajambo sana, ndiyo taabu yenyewe."

Miaka arobaini na mmoja hajanidanganya, ndiyo maana hakujua kudanganya. Mwongo mzoefu angechagua kinyozi aliye wazi.

Jumatano iliyofuata nikajitwisha furushi la sare za shule iliyoko kilimani, ingawa siku yangu ya kupeleka ni Ijumaa. Njia inapita mbele ya lango la kanisa la juu. Pale langoni hukaa mama mmoja mjane anayeuza maua ya harusi na ya misiba kwenye ndoo, mji mzima tunamwita Mama Maua. Na nani alikuwa amesimama mbele ya ndoo zake, kofia mkononi? Mume wangu. Kofia ile haivui hata kwa daktari. Alisema neno, Mama Maua akacheka mpaka akashika ukingo wa ndoo. Mimi nikajificha nyuma ya sare zangu kama mwizi wa shule. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Hawakusema ng'ombe akiwa mumeo ufanye nini.

Siku mbili baadaye Mama Maua mwenyewe akaingia kibarazani kwangu na kitambaa cha rangi ya krimu, kizuri, cha gharama.

"Nataka gauni, dada. Refu, la heshima. Mkono ufike hapa."

"La shughuli gani?" nikauliza nikimpima kifua.

"Shughuli ipo."

"Nauliza ili nijue mshono. Msiba una mshono wake na furaha ina mshono wake."

"Furaha," akasema, akatabasamu akitazama ukuta. "Siku ikifika utajua tu, wala hutakuwa mbali."

Nikambandika pini za kiunoni. Moja ilimgusa. Sikukusudia sana.

Sasa fikirini wenyewe. Nashona gauni la mwanamke ambaye huenda ananinyang'anya mume, na nalishona vizuri, kwa sababu mkono wangu haujui kushona vibaya. Kila jioni nalitundika ukutani, na mume wangu anapita chini yake anakwenda kunawa. Jioni moja akasimama.

"Gauni zuri," akasema.

"Unalipenda?"

"Rangi yake imetulia."

"La mteja," nikasema. "Mjane mmoja. Anasema ana furaha inakuja."

Akanawa mikono muda mrefu kuliko mikono ilivyokuwa michafu.

Daftari nililipata nikigeuza godoro, upande wake. Daftari la shule, jipya. Mimi nimeishia darasa la saba lakini kusoma nasoma, na mwandiko wa mume wangu ni mdogo na wazi, kama namba za saa. Ukurasa wa kwanza aliandika sala, ambazo sikuzijali. Ukurasa wa nne aliandika hivi: "Nimekuja kwa hiari yangu, sikulazimishwa na mtu. Niko tayari kumpenda na kumheshimu siku zote za maisha yangu." Alikuwa ameyaandika mara tatu, mstari chini ya mstari, kama mtoto anayekariri kwa ajili ya mtihani.

Hapo utani uliniisha. Nikakaa juu ya godoro lililopinduka. Niliwaza mtu wa miaka sitini na nne akiachwa anakwenda wapi. Kwa wanangu nitapewa chumba cha watoto, nitaitwa bibi mchana kutwa, nitaambiwa nipumzike. Na cheti changu cha muhuri nimwonyeshe nani, huyo bwana wa mafua alishakufa. Nikarudisha daftari palepale, nikatandika, nikanyoosha shuka upande wake vizuri kuliko siku zote. Sijui kwa nini.

Jumamosi wifi yangu akaja. Wifi huyu ni dada wa mume wangu, anaimba kwaya kanisa la chini, sauti ya kwanza, na nyumbani kwangu huingia na sauti hiyohiyo. Hakukaa.

"Wifi, umemfanya nini kaka yangu?"

"Nilikuwa nataka nikuulize wewe."

"Wiki nane hajatia mguu kanisani. Nikasema anaumwa. Nikasema wewe umemfunga kamba umempandisha huko kwenu kilimani."

"Mimi mwenyewe sijapanda miaka mingapi, nimpandishe yeye?"

Akavuta stuli, akaketi, akashusha sauti, nikajua ni mambo mazito, maana wifi sauti yake haishuki bure. "Basi sikiliza. Nimetoka dukani pale wanapotoa fotokopi. Karani wa kanisa la juu alikuwa anatoa nakala za matangazo ya kesho. Matangazo ya ndoa. Jina la kaka yangu limo."

Cherehani nikaisimamisha kwa mkono.

"Limo vipi?"

"Limo kama bwana harusi. Jina lake, la baba, la babu. Halafu wameandika kapera."

"Kapera."

"Kapera, wifi. Mbele ya macho yangu."

"Na mwanamke je?"

"Jina refu la kizamani, la ubatizo. Binti wa fulani bin nani. Simjui. Limenitoka."

"Wifi, jina kubwa namna hiyo linakutokaje?"

"Nilikuwa bado niko kwenye kapera," akasema.

Nikamwuliza kama Mama Maua jina lake la ubatizo ni nani. Akasema nani anajua majina ya wanawake wa mji huu, wote ni mama fulani au dada wa fulani. Nikataka kumwuliza langu, nikaacha. Aliniita wifi tangu siku ya kwanza, na hajawahi kuniita kingine isipokuwa akigombana.

"Kesho watasoma," akasema, "halafu watauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hapo unasimama."

"Na wewe unasimama nami?"

"Mimi ni wa chini, nitaonekana mchokozi. Nitakushikia mkoba."

Asubuhi yake mume wangu alivaa suruali ya kijivu, akasema anakwenda chini kusali. Nikamwambia anisalimie mchungaji. Akasema zitafika. Alipopinda kona nikavaa gauni langu la bluu, wifi akatokea na mkoba, tukapanda kilima, yeye akihema na kulaani kila mtu aliyejenga kanisa juu.

Tukakaa benchi la mwisho, benchi langu la zamani. Mume wangu nilimwona mbele, upande wa kulia, anapiga magoti kwenye ule ubao mgumu pamoja na wenzake. Kumbe ubao ndio ulimaliza suruali yangu. Mama Maua naye alikuwepo, safu ya pili. Padri ni kijana mgeni, amefika mwaka huu. Namwita Baba kama wote, ila ningeweza kumfunga nepi.

Misa ikaisha, akaja kwenye matangazo. Mazoezi ya kwaya Alhamisi. Funguo zimeokotwa chooni. Kisha akakunjua karatasi nyingine, akasema wafuatao wanakusudia kufunga ndoa, na mwenye kujua kizuizi anawajibika kusema. Akasoma jina la mume wangu, la baba yake, la babu yake. "Kapera," akasema, kwenye kipaza sauti.

Sikungoja aulize. "Nina pingamizi, Baba."

Mabenchi yote yakalia, watu wakigeuka. Wifi aliukumbatia mkoba.

"Mama, bado sijamaliza," padri akasema.

"Maliza nikiwa nimesimama. Huyo si kapera. Ana mke, ana watoto wanne na wajukuu tisa, na hiyo suruali aliyoivaa nimeifua mimi."

Watu wakacheka, wengine wakanyamazishana. Mume wangu aligeuka akanitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona, uso wa mtu aliyefungua saa akakuta imejaa maji. Padri wa watu alichanganyikiwa. Hakujua la kufanya, akafanya lililokuwa mbele yake, akaendelea kusoma karatasi. Akasoma jina la bibi harusi.

Lilikuwa jina nililobatizwa. Jina zima, pamoja na la baba yangu. Mara ya mwisho kuitwa hivyo nilikuwa darasa la saba, mwalimu akiita mahudhurio, na kabla sijafikiri nikasikia mdomo wangu unajibu.

"Nipo."

Sitawaelezea kicheko kilichofuata. Wifi alicheka kuliko watu wa juu wote, na yeye ni wa chini.

Tulipotoka, Mama Maua alinikuta mlangoni. "Lile gauni ni la kukusimamia wewe, dada," akasema. "Mzee aliniomba niwe msimamizi wako. Na kiuno bado kinaniuma."

Nikamwambia pole. Pole ya kweli, mara hii.

Ofisini kwa padri tulikaa watano, padri, karani wake na kitabu, mume wangu, mimi, na wifi ambaye hakuna aliyemwalika. Padri akasema mzee alikuja kwake miezi mitatu iliyopita akiomba mafundisho, kila Jumatano, apokelewe kanisa la juu na afunge ndoa na mwenzake. Karani akatafuta jina langu kwenye kitabu cha ubatizo, akalipata.

"Na mimi mbona hukuniita, Baba?"

"Mzee alisema unajua yote, mama, ila miguu inakusumbua, huwezi kupanda kilima. Nilipanga kuja kwako wiki hii."

"Kila Ijumaa napanda kilima na furushi kichwani."

Mume wangu akatazama kofia yake.

"Haya, sema," nikamwambia. "Hapa hakuna kinyozi."

Akasema. Alianza na jirani yetu, yule dereva mstaafu tuliyemzika mwanzo wa mwaka. Mke wa dereva alikuwa wa juu, akazikwa juu. Dereva alikuwa wa chini, akazikwa chini. Siku ya msiba mtoto wao alinunua maua mafungu mawili, akaweka moja kwa baba, akapanda kilima na la pili, jua kali, watu wakimngoja. "Nikahesabu," mume wangu akasema, "kutoka kaburi moja hadi jingine ni dakika thelathini na tano. Kwa mtu mwenye miguu."

Nikaitazama miguu yake.

"Umeonana na daktari?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Kweli?"

"Kweli."

Nikamtazama vile ninavyotazama pindo lililoshonwa na fundi mwingine. Sikuona uzi uliolegea, ila jicho nimelibakiza hapo mpaka leo.

"Basi limekwisha," padri akasema, akishukuru. "Mama ondoa pingamizi, Jumapili ijayo tunasoma tangazo la pili."

"Halijakwisha, Baba. Sasa ndiyo nina pingamizi. Lile la kwanza lilikuwa la wivu."

Wifi akasogeza kiti.

"Hapo umeandika kapera," nikasema. "Na mimi umeniandika nani?"

Karani akatazama. "Mseja."

"Mseja mwenye wajukuu tisa. Mkitufungisha ndoa leo mimi mseja na yeye kapera, ile miaka arobaini na mmoja ilikuwa nini? Tulikuwa tunapanga chumba? Wanangu mtawaandika walitoka wapi?"

"Ni maneno ya fomu tu, mama," padri akasema. "Fomu ina kapera na ina mjane."

"Baba, mimi ni fundi. Nguo isipoingia mwilini tunakata kitambaa, hatukati mwili."

Padri alikuwa kijana lakini si mjinga. Akaichukua fomu, akaisoma upya, akamgeukia karani. "Hawa wana cheti cha serikali. Hii si ya kufunga, ni ya kubariki. Kwa nini hukutoa fomu ya kubariki ndoa?"

Karani akakuna shingo. "Ziliisha mwaka juzi, Baba. Haziombwi sana. Nikaona hii inafanana."

Wifi akasema ndiyo maana yeye hakuhama kanisa la chini, huko hata fomu hawana. Padri akachukua karatasi tupu, akaandika kwa mkono wake, akanisomea: mume na mke, walioandikisha ndoa serikalini, wanaomba ndoa yao ibarikiwe. Akasema hiyo ndiyo itasomwa Jumapili, na cheti nikilete.

"Sasa mama, pingamizi unaliondoa?"

"Nitafikiri," nikasema.

Wiki ile mume wangu alinichotea maji, akaipaka mafuta cherehani yangu, akachemsha chai akasahau majani. Nikayashuku yote. Alhamisi mchana akaleta stuli yake kibarazani, akakaa mbele yangu.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema, macho kwenye sindano.

"Ningekuuliza ungesema hapana."

"Ningesema hapana. Wale watu walinikalisha kitako miaka mitatu."

"Najua. Nilikuwa nakungoja nje, kwenye ule ukuta. Ulikuwa unatoka umekunja uso."

Hilo la ukuta nilikuwa nimelisahau.

"Na mara ya kwanza pia hukuniuliza," nikasema. "Uliniambia ofisi inafunguliwa Jumanne saa mbili, nisichelewe."

Akafikiri. Ni mtu wa kufikiri mpaka umchoke. "Ni kweli. Basi nakuuliza. Unataka kulala karibu na mimi, ama la? Huko pia?"

"Unavuta shuka," nikamwambia.

"Huko hakuna shuka."

Nikamaliza pindo, nikakata uzi kwa meno, nikamwambia jibu atalisikia pamoja na wengine.

Jumapili tulipanda wote watatu, maana wifi alisema hawezi kukosa. Mara hii nilikaa safu ya nne. Mama Maua alivaa gauni la krimu, nami nikaona kiuno kimekaa vizuri, pini au si pini. Padri akasoma mazoezi ya kwaya. Akasoma karatasi yake ya mkono, neno kwa neno kama alivyoniandikia, na jina langu zima, nami safari hii nikaubana mdomo. Kisha akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Kanisa zima likageuka kunitazama. Wa mbele walisimama kidogo wapate kuona. Mume wangu naye alinitazama, kofia ameikunja kama kitambaa cha kufutia saa, na nikajua mtu huyu hana hakika, tangu asubuhi hana hakika.

Nikafungua mkoba. Nikatafuta miwani ambayo sikuihitaji. Nikaifuta, nikaivaa, nikamkagua kapera wangu polepole toka juu hadi chini kama nachagua kitambaa dukani. Wifi akanifinya. Padri akakohoa mara mbili.

"Endelea kusoma, Baba," nikasema. "Watu wana njaa."